Fisi na Sungura wa Kilosa: hadithi zilizokwenda London zisirudi

Tangu treni ya umeme ianze safari za Dar es Salaam hadi Dodoma mwaka 2024, mgeni wa Kilosa na Mikumi amepata njia nyepesi ya kufika. Akifika ataonyeshwa simba, nyati na twiga. Lakini fisi na sungura wa huku wana historia ndefu kuliko Hifadhi ya Taifa ya Mikumi yenyewe, iliyoanzishwa mwaka 1964, na sijaona bango hata moja linaloitaja historia hiyo.

Ngano za Kiswahili ziliwahi kuingia kitabuni. Mwaka 1870 Edward Steere alichapisha zile alizosimuliwa Unguja. Shaaban Robert naye, katika Adili na Nduguze ya mwaka 1952, aliichukua hadithi ya Alfu Lela Ulela akaisimulia upya kwa maadili yake. Bara ilichelewa. Mmishonari J. T. Last wa Mamboya, hapa Kilosa, alichapisha mwaka 1886 sarufi ya Kikaguru, lugha ya Wakaguru wa huku, ila ngano zikabaki midomoni mwa mabibi.

Mwaka 1957 ndipo Mmarekani T. O. Beidelman alipofika Ukaguru kufanya utafiti. Mwaka 1961 akachapisha katika jarida la Africa, London, makala kuhusu Fisi na Sungura ambayo wanazuoni wanaisoma hadi leo.

Kisa chenyewe wengi tumekisikia kwa namna mbalimbali. Njaa imeingia. Fisi na Sungura wanaafikiana kila mmoja amtoe mama yake ili wapate kuishi. Fisi, kwa ulafi wake, anatimiza ahadi. Sungura anamficha wake, na siku zinavyokwenda yeye ananenepa huku mwenzake akikonda bila kujua siri.

Mtoto atacheka. Beidelman hakucheka. Wakaguru huhesabu ukoo upande wa mama, na mjomba ndiye mwenye sauti juu ya mpwa. Kwa maelezo yake, Fisi ni mjomba aliyesahau wajibu, Sungura ni mpwa anayejiokoa kwa akili, na mama ndiye ukoo wenyewe. Anayemtoa mama amejikata mizizi. Miaka miwili baadaye aliongeza makala nyingine juu ya wanyama haohao. Nadhani alisoma vizuri, ingawa aliipa mizani ya ukoo uzito zaidi kuliko ufundi wa msimulizi, anayejua lini anyamaze na lini aigize sauti ya Fisi.

Ufundi huo aliushika binti wa hukohuko. Penina Muhando, ambaye sasa ni Profesa Penina Mlama, alizaliwa Berega mwaka 1948. Mwaka 1981 aliandika juu ya digubi, ngoma ya Wakaguru, akisisitiza kwamba ni sanaa ya maonyesho iliyokamilika, isiyosubiri jukwaa la Kizungu. Mwaka uliofuata ikatoka tamthilia yake, Nguzo Mama. Humo Bi Msimulizi anatusimulia jinsi wanawake wa kijiji cha Patata wanavyohangaika kuisimamisha nguzo kubwa, na nguzo inagoma. Ni ngano tupu, lakini inazungumzia mirathi, umaskini na unafiki wa kumsifu mama jukwaani huku akinyanyaswa nyumbani. Kwangu mimi, hapo ndipo ngano ya bibi ilipokua bila kupoteza lugha yake.

Baadaye wengine walipita njia ya jirani, akiwemo Mkenya K. W. Wamitila na riwaya yake ya Bina-Adamu! ya mwaka 2002, yenye safari ya ajabuajabu inayofanana na ya ngano.

Makala za Beidelman ziko kwa Kiingereza, na sijakutana na toleo lake la Kiswahili ambalo mwalimu wa Mamboya angelisoma darasani. Hili linaumiza. Halmashauri ya Kilosa, walimu na wachapishaji wetu wazitafsiri, na wawarekodi wazee wa Kikaguru, Kisagara na Kividunda wangali hai. Waongozaji wa watalii Mikumi nao, wakimwona fisi barabarani, wamsimulie mgeni kisa cha mama yake.