Kenya: Ajira kwa wenye ulemavu sasa ni wajibu wa mwajiri

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2025, iliyotiwa saini na Rais William Ruto mwezi Mei mwaka huo, imechukua nafasi ya ile ya 2003.

Sheria ya zamani nayo ilitaja asilimia 5. Lakini jukumu lilikuwa la Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu, lililotakiwa kujitahidi ili nafasi hizo zitengwe, tena zile za vibarua, za dharura na za mkataba. Kujitahidi hakumbani mtu. Mwajiri aliyepuuza hakuwa na la kujibu, ijapokuwa sheria hiyohiyo ilimpa nafuu ya kodi iliyolingana na asilimia 25 ya mishahara ya wafanyakazi wake wenye ulemavu.

Sasa mwajiri mwenyewe, akiwa na wafanyakazi 20 au zaidi, ndiye anayepaswa kutenga angalau asilimia 5 ya nafasi za ajira ya moja kwa moja.

Tanzania ilitangulia kumwelekea mwajiri. Sheria yake ya 1982 ilidai asilimia 2 kwa wenye wafanyakazi 50. Ile ya 2010 ikashuka hadi wafanyakazi 20 na kupandisha kiwango kuwa asilimia 3. Hapo ipo kasoro ya hesabu: kati ya watu 20, asilimia 5 ni mtu mmoja, ilhali asilimia 3 haimtimizi hata huyo mmoja. Hutimia wafanyakazi wafikapo 34.