Umoja wa Uhalisi na Matabaka ya Kuzaliwa: Fundisho la Brahman kutoka Chandogya Upanishad hadi Aruvippuram, 1888

Katika fikra za Kihindu, Brahman ni jina la uhalisi wa mwisho ambao vitu vyote vimetokana nao, hudumu kwa huo na hurejea kwake. Uhalisi huo unaelezwa kuwa umo katika kila kilichopo: jiwe, mti, mnyama na mtu. Makala haya hayakusudii kulitetea fundisho hilo wala kulipinga. Yanauliza swali la kihistoria: ikiwa uhalisi ni mmoja na umo kwa wote, kwa nini jamii iliyolihifadhi fundisho hilo kwa zaidi ya miaka 2,000 iliwazuia watu wake wengi wasikaribie hekalu, kisima wala maandiko? Hoja inayojengwa hapa ni kwamba jibu halipatikani katika maana ya Brahman pekee. Linapatikana katika suala la nani aliruhusiwa kulisikia fundisho hilo, na katika eneo gani la maisha lilitarajiwa kufanya kazi.

Inafaa kwanza kuondoa mkanganyiko wa istilahi. Brahman siyo Brahma, mungu muumba wa visasili, wala siyo Brahmini, mtu wa tabaka la makuhani. Maneno haya matatu huchanganywa hata katika maandishi ya kitaaluma. Vilevile, kusema kwamba Brahman imo katika vitu si sawa na kusema kwamba kila kitu, kikichukuliwa peke yake, ni Mungu. Hapa Kiswahili kinatusaidia, kwa kuwa viambishi vyetu vya mahali hutenganisha kuwapo, kuwako na kuwamo. Upanishadi huzungumzia hasa kuwamo, ila ni kuwamo kusiko na mipaka ya chombo. Katika sura ya 9 ya Bhagavad Gita, Krishna anaeleza kwamba viumbe vyote vimo ndani yake ilhali yeye hamo ndani yao, yaani haviwezi kumzingira.

Maelezo mashuhuri zaidi ya fundisho hili yamo katika Chandogya Upanishad, sura ya 6. Uddalaka Aruni anamwagiza mwanawe Shvetaketu atie chumvi katika maji na kuyaacha usiku kucha. Asubuhi anamtaka airudishe chumvi ile, na kijana haioni. Anaamriwa aonje maji ya juu, ya katikati na ya chini, na kote anakuta chumvi. Ndivyo ilivyo asili ya vitu vyote, baba anamfundisha: haionekani, lakini imo, na nafsi ya Shvetaketu mwenyewe ndiyo hiyo.

Kinachosahaulika mara nyingi ni majirani wa kisa hiki katika kitabu hichohicho. Sura ya 5 inafundisha kwamba wenye mwenendo muovu watazaliwa tena katika tumbo la mbwa, la nguruwe au la Mchandala, yaani mtu aliyehesabiwa kuwa nje ya matabaka yote. Binadamu anawekwa hapo katika orodha moja na wanyama, kurasa chache tu kabla ya somo la chumvi. Kwa upande mwingine, sura ya 4 ina kisa cha Satyakama, ambaye mama yake hakumjua baba wa mtoto wake. Kijana akasema ukweli huo waziwazi mbele ya mwalimu, na kwa ukweli wake akapokelewa kuwa mwanafunzi. Maandishi ya kale, kwa hiyo, hayakuwa na sauti moja. Kila kizazi cha wafasiri kilichagua ni sauti ipi iongoze.

Shankara, anayewekwa kwa kawaida katika karne ya 8, na ambaye kwa mujibu wa mapokeo alizaliwa Kaladi katika Kerala ya leo, ndiye aliyeupa umoja huu mfumo wake mkali zaidi, ule uitwao Advaita, yaani kutokuwa na uwili. Kwake Brahman pekee ndiyo halisi kwa maana kamili, na utofauti wa vitu ni wa ngazi ya maisha ya kawaida tu. Hata hivyo, katika fafanuzi yake ya Brahma Sutra, anapofikia swali la iwapo Mshudra, mtu wa tabaka la nne la watumishi, ana haki ya kuujia ujuzi huo kwa njia ya Veda, anajibu kwamba hana. Anarejelea sheria za kale zilizoagiza masikio ya Mshudra anayesikiliza Veda yajazwe risasi iliyoyeyushwa. Anamwachia njia ya masimulizi na hekaya za kale, lakini mlango wa Veda anaufunga.

Ngazi mbili za uhalisi ndizo zilizofanya jambo hili liwezekane. Katika ngazi ya juu hakuna Brahmini wala Mshudra. Katika ngazi ya kawaida wapo wote wawili, na sheria zao zinabaki. Usawa ukawa kweli isiyopewa mahali pa kutendeka. Jambo la kushangaza ni kwamba mkosoaji wa kwanza mwenye nguvu wa utata huu hakuwa mpinzani wa matabaka. Ramanuja, mwanafalsafa wa karne ya 11 na ya 12 aliyefundisha kuwa ulimwengu ni mwili wa Mungu, alikubaliana na katazo lenyewe. Lakini aliwashambulia wafuasi wa Advaita kwa hoja kwamba, ikiwa ukombozi ni kujua tu kuwa uhalisi ni mmoja na mengine yote ni udanganyifu, basi Mshudra anaweza kuupata ujuzi huo kwa kuambiwa na yeyote, na hawana tena sababu ya kumzuia. Aliitaja hoja hiyo ili kuwaaibisha. Kwa maoni ya mwandishi, alikuwa sahihi kimantiki.

Katika karne ya 20, mtaalamu wa Kijerumani Paul Hacker alidai kwamba kulitumia fundisho la umoja kama msingi wa maadili ya kijamii hakukutoka India. Kwa maelezo yake, wazo hilo lilitoka kwa Schopenhauer, likapelekwa na Paul Deussen katika mhadhara wake wa Bombay mnamo Februari 1893, na ndipo Vivekananda akalichukua katika mihadhara yake ya London ya mwaka 1896. Dai hili lina uzito kumhusu Vivekananda. Haliwezi, hata hivyo, kueleza lililotokea kusini mwa India miaka mitano kabla ya mhadhara wa Deussen.

Mwaka 1888, usiku wa sikukuu ya Shivaratri, Narayana Guru alitoa jiwe katika mto Neyyar, mahali paitwapo Aruvippuram katika ufalme wa Travancore, akalisimika kuwa Shiva. Alikuwa wa jamii ya Waezhava, ambao wengi wao walikuwa wagema tembo la mnazi, wafumaji na wakulima wadogo, na ambao hawakuruhusiwa hata kuyakaribia mahekalu makubwa. Kusimika sanamu ilikuwa haki ya Wabrahmini. Mapokeo yanasimulia kwamba alipoulizwa kwa mamlaka gani alitenda hivyo, alijibu kuwa aliyemsimika ni Shiva wa Waezhava. Kejeli hiyo ina makali: kama uhalisi umo katika mawe yote, hakuna jiwe la tabaka. Guru alikisoma Kisanskriti na kuandika humo, na alijihesabu kuwa mfuasi wa Advaita. Hakuikana falsafa ya Shankara. Aliikataa ile ngazi ya pili iliyoihifadhi dhuluma.

Mgogoro uliendelea Vaikom, mwaka 1924 na 1925, watu walipodai haki ya kupita katika barabara zinazozunguka hekalu. Gandhi alimtembelea Guru mwaka 1925. Inasimuliwa kwamba Gandhi alionyesha majani ya mti mmoja yasiyofanana ili kuthibitisha kuwa tofauti ni za asili, na Guru akajibu kwamba utomvu wa majani yote una ladha moja. Mahekalu ya serikali ya Travancore yalifunguliwa kwa Wahindu wote kwa tangazo la Novemba 1936, miaka minane baada ya kifo chake.

B. R. Ambedkar hakuridhika. Katika maandishi yaliyochapishwa baada ya kifo chake, alikiri kwamba fundisho la Brahman lingeweza kuwa msingi imara wa demokrasia kuliko wazo la kuwa watu wote ni watoto wa Mungu, kwa kuwa wenye uhalisi mmoja hawawezi kuwa na thamani tofauti. Kisha akauliza lilifaa nini, ikiwa wenye kulifundisha hawakuwahi kulifanya kuwa sheria ya mwenendo. Oktoba 1956, huko Nagpur, aliingia katika dini ya Buddha pamoja na mamia ya maelfu ya wafuasi wake.