Kutoka Kibaba cha Mpagazi Hadi Mizani ya Zahanati

Katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, wilayani Dowa nchini Malawi, kilomita arobaini na ushei kutoka Lilongwe, neno posho halina haja ya mkalimani. Mkongo, Mrundi na Mnyarwanda wanalitamka kwa sauti moja. Kambi ilifunguliwa mwaka 1994, mahali palipokuwa gereza la wafungwa wa kisiasa enzi za Rais Kamuzu Banda. Ilipangiwa watu kati ya 10,000 na 12,000. Leo wamepita 50,000. Na nyuma ya posho yao imesimama namba moja: 2,100. Ndizo kalori ambazo mashirika ya misaada hukadiria kwa mtu mmoja kwa siku.

Kalori hizo hizo zinatajwa pia mjini, kwa sababu nyingine. Mama wa Kauma, pembezoni mwa Lilongwe, anapimwa presha, anapandishwa kwenye mizani, kisha anaambiwa: punguza mwili. Anarudi nyumbani akijiuliza apunguze nini, na kwa kiasi gani. Jibu lake limo katika hesabu ile ile ya posho. Ili ailewe vizuri, yafaa ajue ilikotoka.

Sisi watu wa Kiswahili tulikuwa na hesabu yetu kabla ya kalori kufika. Mpagazi wa misafara ya karne ya 19, aliyebeba mzigo kutoka Bagamoyo kwenda bara, alipewa posho ya kibaba cha nafaka kwa siku, karibu gramu 700. Ukikipima kibaba hicho kwa kipimo cha leo unapata kalori zipatazo 2,400. Kiongozi wa msafara hakuwa na maabara. Aliona tu kwamba kibaba kikipungua, mzigo haufiki.

Ulaya walianzia kwenye joto. Majira ya baridi ya 1782 na 1783, Antoine Lavoisier na Pierre-Simon Laplace wa Ufaransa walimweka simbilisi, mnyama mdogo kama yule anayefugwa majumbani Kivu Kusini, ndani ya chombo kilichozungushiwa barafu. Wakapima maji yaliyoyeyuka. Wakathibitisha kwamba kupumua ni kuungua polepole: mwili huchoma chakula kama jiko linavyochoma makaa. Jina kalori lilikuja katika karne iliyofuata, na kalori ya chakula tunayoihesabu leo ni joto la kupandisha lita moja ya maji kwa nyuzi moja ya Selsiasi.

Aliyeiingiza kalori kwenye sahani ni Mmarekani Wilbur Atwater. Katika miaka ya 1890 alijenga chumba ambamo mtu aliishi siku kadhaa, akila, akilala na kufanya kazi, huku joto na pumzi yake vikipimwa. Kazi yake ilitupa namba zinazotumika hadi leo: gramu moja ya wanga au ya protini hutoa kalori 4, na gramu moja ya mafuta hutoa kalori 9.

Hesabu hiyo haikuchelewa kufika kwetu, na ilikuja kupima upungufu. Mwaka 1931 John Boyd Orr na John Gilks walichapisha utafiti uliolinganisha milo na miili ya Wakikuyu na Wamasai nchini Kenya. Mwaka 1938 ikaja zamu ya Nyasaland, yaani Malawi ya leo. Timu ya Dkt. Benjamin Platt ilikwenda Nkhotakota, mji wa kando ya ziwa ambako akina Jumbe kutoka pwani ya Waswahili walitawala biashara karne moja kabla. Watafiti waliingia vijijini kuchunguza kilimo, chakula na afya za watu. Vita vya Pili vya Dunia vikaikatiza kazi hiyo, na maandishi yake hayakutoka kama kitabu hadi 1992.

Vita hivyo ndivyo vilivyozaa jaribio la njaa linalokumbukwa kuliko yote. Mwishoni mwa 1944, huko Minnesota, Marekani, mtafiti Ancel Keys alianza kuwafuatilia vijana 36 waliojitolea. Kwa wiki 24 walikula wastani wa kalori 1,570 hivi kwa siku huku wakitembea na kufanya kazi. Walipoteza karibu robo ya uzito wao. Mapigo ya moyo yalipungua, baridi iliwaingia mifupani, wakawa hawawazi wala kuzungumza jambo jingine ila chakula. Mwili ulipoona kinachoingia hakitoshi, ulipunguza matumizi yake.

Baada ya vita Orr akawa mkurugenzi mkuu wa kwanza wa FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, na mwaka 1949 shirika hilo likaitisha kamati ya kwanza ya mahitaji ya kalori. Hesabu za kambini ziliendelea kurekebishwa hadi miaka ya 1990, ndipo 2,100 ikakubaliwa. Kwa mfano, gramu 400 za nafaka, 60 za maharage, 50 za unga wa lishe, 25 za mafuta na 15 za sukari hukaribia kiasi hicho. Lakini huo ni wastani wa umati, mtoto mchanga na mkulima wakiwa wamechanganywa humo. Na kwa Dzaleka wastani huo mara nyingi umebaki kwenye karatasi, maana posho imekatwa mara kadhaa kwa ukosefu wa fedha za wafadhili.

Mama wa Kauma basi asiichukue 2,100 kama yake. Afanye hesabu ya mwili wake. Kanuni iliyotolewa mwaka 1990 na mtafiti Mifflin na wenzake inasema: zidisha kilo zako kwa 10, ongeza sentimita za urefu wako mara 6.25, toa umri wako mara 5, kisha mwanamke atoe 161 na mwanamume aongeze 5. Mama wa miaka 40, kilo 80 na sentimita 160 anapata 1,439. Hizo ndizo anazochoma hata akilala siku nzima. Kwa shughuli za wastani azidishe kwa 1.5, zinakuwa kama 2,150. Akipunguza kalori 500 kutoka hizo kila siku, mwanzoni anaweza kupungua karibu nusu kilo kwa wiki. Baadaye kasi hupungua, kwa sababu mwili mdogo unahitaji kidogo.

Kalori 500 hizo zinapatikana bila kulala njaa. Vijiko viwili vikubwa vya mafuta ni kama 240. Soda ya mililita 300 ni karibu 125. Vikombe viwili vya chai vyenye vijiko vinne vya sukari kila kimoja ni kama 130. Nsima, yaani ugali, inabaki mezani, labda ikimegwa kidogo. Maharage, mboga za majani na dagaa vinabaki vyote.

Je, kutembea tu hakutoshi? Wahadzabe wa kando ya Ziwa Eyasi, Tanzania, wametoa jibu. Mwaka 2012 mtafiti Herman Pontzer na wenzake walionyesha kwamba, ingawa Wahadzabe hutembea sana kila siku, nishati wanayotumia kwa siku haitofautiani sana na ya watu wa Ulaya na Marekani wenye maumbo kama yao. Kutembea kunalinda moyo, na kuendelee. Lakini uzito hupunguzwa zaidi na chungu kuliko miguu.

Ombi langu ni moja. Hesabu hii imepita juu ya miili ya watu wenye njaa, kuanzia vijana wa Minnesota hadi wakimbizi wa Dzaleka. Anayetaka kupungua asiitumie kujirudisha katika njaa hiyo kwa kufunga kutwa na kunywa maji matupu. Mjamzito, anayenyonyesha, mtoto na mwenye kisukari anayetumia dawa wasianze bila kumwona mhudumu wa afya. Wengine waanze leo kwa kijiko cha mafuta na kijiko cha sukari. Haba na haba hujaza kibaba, na haba na haba hukipunguza pia.