Urasimu: nguvu ya majalada na hatari zake

Urasimu, ambao wengi huufahamu kama usumbufu wa maofisini, kwa mwanasosholojia Mjerumani Max Weber (1864–1920) ulikuwa chombo cha utawala wa sheria. Aligawa mamlaka halali katika aina tatu: ya mila, ya haiba ya kiongozi na ya sheria. Katika hii ya tatu, ofisa huajiriwa kwa ujuzi, hulipwa mshahara, hufuata ngazi za vyeo na huweka kumbukumbu katika majalada. Mwananchi huhudumiwa kwa kanuni, si kwa undugu. Hata hivyo Weber alionya kuwa ofisa anayeficha ayajuayo kwa kisingizio cha siri ya ofisi humzidi nguvu mwanasiasa aliye juu yake, na bunge lisilo na taarifa haliwezi kumdhibiti.