Kufua na Kusubu
Lugha yetu hutofautisha kufua chuma na kusubu chuma. Mhunzi hufua kwa nyundo; mwenye kusubu humimina chuma kilichoyeyuka katika kalibu, na kumimina ndiyo asili ya neno hilo katika Kiarabu. Kikaango changu kizito ni cha kusubu. Mwaka 1707 Mwingereza Abraham Darby alipata hataza ya kusubu vyungu vya chuma katika kalibu za mchanga. Mwaka 1709, huko Coalbrookdale, akayeyusha chuma kwa makaa ya mawe yaliyookwa kwanza.

Utando mweusi wa kikaango, hata hivyo, hautoki kalibuni. Ni mafuta membamba yaliyochomwa mara nyingi hadi yakashikamana na chuma. Nikishaosha, hukikausha motoni, nikakipaka mafuta kingali moto. Kazi hiyo naiita kukomaza. “Kutia viungo” ni tafsiri ya pupa.