Kivinjari Kilichozeeka na Umbali wa Ufipa

Kabla ya ukoloni, uwanda wa Ufipa ulikuwa mojawapo ya vituo vikubwa vya uyeyushaji chuma upande huu wa Afrika. Matanuri marefu ya udongo, malungu, yalivuta hewa yenyewe bila mivukuto. Chuma ghafi kilichotoka humo kikapelekwa kwenye tanuri dogo, kintengwe, kusafishwa, ndipo wahunzi wakafua majembe. Jembe lililovunjika lilitengenezwa palepale, kwa maana ujuzi wa kulifanya na ujuzi wa kulikarabati viliishi jirani. Kompyuta ilipofika Sumbawanga, mji ulio kwenye uwanda huohuo, ilikuja na mpango mwingine kabisa. Fundi wa mjini angeweza kuifungua, kubadilisha diski, kumbukumbu na feni, hata kuipiga windo upya, ila asingeweza kuziba tundu hata moja la usalama ndani ya kivinjari chake. Hilo lilisubiri kiraka, yaani sasisho la kuliziba, kutoka Marekani. Historia ya vivinjari vilivyozeeka katika miji ya pembezoni husimuliwa kama historia ya uzembe. Hoja yangu ni kwamba kwa sehemu kubwa ni historia ya umbali: umbali kati ya chombo na mtu mwenye uwezo wa kukikarabati.

Kivinjari cha Microsoft, Internet Explorer 6, kilitoka Agosti 2001 na kusambaa pamoja na Windows XP. Toleo lililofuata, la 7, halikuja hadi Oktoba 2006. Kwa miaka hiyo mitano sehemu kubwa ya dunia ilitumia kivinjari kilichofungamana na moyo wa kompyuta, chenye teknolojia ya ActiveX iliyouwezesha ukurasa wa mtandaoni kuendesha programu ndani ya mashine ya msomaji. Tangu Oktoba 2003 Microsoft ilikuwa ikitoa viraka kila Jumanne ya pili ya mwezi, na hapo ndipo ulipo mtego ambao wengi hawauoni. Kiraka kikitoka, mshambuliaji hulinganisha faili la zamani na jipya. Tofauti kati yao humwonyesha tundu lilipokuwa. Aliyekipata kiraka amepona. Asiyekipata yuko hatarini zaidi ya jana, kwa sababu udhaifu uliokuwa siri ya wachache sasa una ramani. Kwa hiyo ukarabati uleule unaomlinda mwenye laini ya kasi humweka uchi zaidi mwenye laini dhaifu.

Na mkoa wa Rukwa, uliko mji wa Sumbawanga, ulikuwa upande wa laini dhaifu. Sumbawanga iko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Dar es Salaam. Kwa miaka mingi haikuwa kwenye gridi ya taifa, umeme wake ukitoka Zambia kupitia Mbala, na barabara ya kwenda Tunduma iliwekwa lami katika muongo wa 2010. Kabla ya mkongo wa SEACOM kufika Dar es Salaam Julai 2009, intaneti ya Tanzania ilitegemea satelaiti, njia ghali na finyu. Tuchukue sasisho moja tu, lile kubwa la Windows XP la Agosti 2004, lililoongeza kizuizi cha ActiveX na cha madirisha yanayojifungua yenyewe. Lilikuwa na megabaiti zipatazo 266. Kwa modemu ya kilobiti 56 kwa sekunde ikienda kwa nguvu zake zote bila kukatika, hizo ni zaidi ya saa 10 kwa kompyuta moja, na mwenye kafe ya intaneti anayeuza muda kwa dakika angelazimika kufunga biashara ili alipate. Juu ya hayo kulikuwa na ukuta wa leseni. Internet Explorer 7 ilipotoka ilikataa kuingia kwenye nakala ya Windows isiyo halali. Sharti hilo liliondolewa Oktoba 2007. Kwa karibu mwaka mzima, asiyemudu leseni alibakizwa na kivinjari cha 2001 kwa uamuzi wa mtengenezaji mwenyewe.

Mtu atauliza: mdukuzi ana shida gani na Sumbawanga? Swali hilo linadhani shambulio hupangwa kwa kumwangalia mwathirika mmoja mmoja. Januari 2010 Google ilitangaza kuwa imevamiwa, na ikabainika kuwa mlango mmojawapo ulikuwa tundu la Internet Explorer ambalo halikuwa na kiraka. Walengwa walikuwa kampuni kubwa, lakini siku chache baadaye msimbo wa shambulio ulikuwa hadharani, na vyombo vya usalama wa mtandao vya Ujerumani na Ufaransa vikawashauri wananchi watumie kivinjari kingine. Msimbo ukishapandwa kwenye ukurasa, huwapata wote wanaoufungua kwa kivinjari kibovu, wawe ofisini California au kwenye benchi la kafe mjini Sumbawanga.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi. Firefox, kivinjari kingine, ilitolewa bure Novemba 2004, ikiwa na ukubwa usiofika megabaiti 5. Ingebebwa kwenye flashi hadi kijiji chochote. Kweli, wenye kafe ambao hawakuihangaikia wana sehemu yao ya lawama. Hata hivyo Firefox nayo ilihitaji viraka, kwa hiyo umbali ulipungua bila kwisha. Zaidi ya hapo, tarehe ya kuacha ukarabati haikuwekwa na watumiaji. Microsoft iliacha kuihudumia XP tarehe 8 Aprili 2014. Siku 18 baadaye likatangazwa tundu lililogusa Internet Explorer kuanzia toleo la 6 hadi la 11, na tarehe 1 Mei kampuni ikatoa kiraka, hata kwa XP. Uwezo ulikuwepo, kilichokuwa kimekwisha ni nia ya kuutumia.

Wapo watakaosema hayo yamepita, kwa kuwa Internet Explorer ilistaafishwa Juni 2022 na vivinjari vya leo hujisasisha. Lakini kujisasisha kunataka bando, nafasi kwenye simu na mfumo ambao mtengenezaji bado anautunza. Januari 2015 Google ilithibitisha kuwa haitatengeneza viraka vya WebView, sehemu inayofungua kurasa ndani ya programu za simu, kwa Android 4.3 na za kabla yake, zilizokuwa mikononi mwa mamia ya mamilioni ya watu. Februari 2023 Chrome mpya iliacha kufanya kazi kwenye Windows 7. Wakati huohuo mambo mazito yamehamia mtandaoni: mhitimu anayeomba mkopo wa elimu ya juu hukaa steshenari, akaandika namba zake na neno lake la siri kwenye kompyuta ya mtu mwingine, na kivinjari kikauliza kama kiyahifadhi. Zamani tundu lingempotezea dakika za kafe. Leo linagusa ada na akaunti yake.

Kama chanzo ni umbali, kuhubiri umakini hakutoshi. Kampuni za simu zinaweza kuacha kukata bando kwa masasisho ya usalama. Taasisi inayonunua kompyuta za shule au halmashauri inaweza kudai, ndani ya mkataba, tarehe ambayo viraka vitakoma. Na mtengenezaji anayeacha kuitunza programu angepaswa kuruhusu mafundi wengine waitunze, ili ujuzi wa kukarabati uweze tena kuishi mahali chombo kinapotumika.