Elimu ya nyumbani: Mzazi, tafuta cheti kabla ya kununua vitabu

WAZAZI wanaowafundisha watoto wao nyumbani huiona kazi hiyo kuwa nyepesi kiasi katika madarasa ya chini. Mtoto hujifunza kusoma, kuandika na kuhesabu, na hakuna anayemdai cheti.

Mambo hubadilika anapofika umri wa miaka 13 au 14. Masomo huwa mengi na mazito, sayansi hudai maabara, na mbele yake upo mtihani utakaoamua iwapo atafunguliwa lango la chuo au la.

Hapo ndipo kosa la kuchagua mtaala usiofaa huwa ghali. Vitabu vinaweza kununuliwa leo na kasoro isionekane hadi miaka mitatu baadaye, mwanafunzi anapokosa kituo cha kufanyia mtihani au chuo kinapokikataa cheti chake.

Ndiyo maana mzazi wa mwanafunzi wa shule ya upili anahimizwa kuanzia mwisho wa safari na kurudi nyuma: kwanza chuo au kazi anayoilenga mtoto, kisha cheti kinachohitajika, kisha kituo cha mtihani, na mwisho kabisa vitabu.

Sheria inasemaje?

Kabla ya yote, mzazi anayeishi Kenya anapaswa kufahamu msimamo wa sheria. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inamtaka kila mzazi ahakikishe kuwa mtoto wake anahudhuria shule, au taasisi nyingine iliyoidhinishwa na Waziri wa Elimu. Ikumbukwe kuwa katika sheria hiyo, elimu ya msingi inajumuisha shule ya upili.

Anayekiuka kifungu hicho anaweza kutozwa faini isiyozidi Sh100,000, kufungwa jela kwa muda usiozidi mwaka mmoja, au kupewa adhabu zote mbili.

Mnamo mwaka 2021 Mahakama Kuu ilitupilia mbali kesi ya wazazi waliotaka elimu ya nyumbani itambuliwe kuwa haki yao chini ya Katiba. Kwa hivyo, ingawa zipo familia nyingi zinazosomesha watoto nyumbani, mzazi asidhani kwamba sheria imemfungulia mlango.

Njia ya tahadhari ni kumsajili mtoto katika taasisi iliyosajiliwa inayosimamia masomo yanayofanyiwa nyumbani, na kuuhifadhi ushahidi wa usajili huo kwa maandishi. Aidha, ni busara kupata ushauri wa wakili kabla ya kumwondoa mtoto shuleni.

Mtaala wa Kenya

Wazazi wengi hufikiria kwanza mtaala wa humu nchini kwa kuwa vitabu vyake vinapatikana kwa urahisi na bei yake ni nafuu. Taasisi ya Ukuzaji Mitaala (KICD) huweka miundo ya mtaala katika tovuti yake, na mzazi anaweza kuisoma bila malipo.

Hata hivyo, mfumo wa 8-4-4 unafikia tamati. Mtihani wa KCPE ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, na kundi la mwisho la Kidato cha Kwanza lililoingia mwaka 2024 ndilo la kufanya KCSE mwaka 2027. Mzazi asimnunulie mtoto wa miaka 13 vitabu vya zamani vya KCSE kwa sababu tu ni vya bei rahisi.

Mfumo uliochukua nafasi yake ni ule wa elimu ya umilisi, ambao kundi lake la kwanza lilipangiwa kuingia Gredi ya 10 mwezi Januari 2026. Katika sekondari pevu mwanafunzi huchagua mmoja wa mikondo mitatu: Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hisabati (STEM), Sayansi za Jamii, au Sanaa na Sayansi ya Michezo.

Ugumu wa mfumo huu kwa familia ya nyumbani haumo vitabuni bali katika tathmini. Baraza la Mitihani la Kitaifa (KNEC) hukusanya alama za mwanafunzi kidogo kidogo kupitia shule yake. Matokeo ya Gredi ya 9, kwa mfano, hayategemei mtihani mmoja: asilimia 60 hutoka katika mtihani wa mwisho, asilimia 20 katika tathmini ya Gredi ya 6, na asilimia 20 katika tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na 8.

Maana yake ni kwamba mtoto asiye na shule iliyomsajili na kumpa nambari ya tathmini hukosa alama hizo, hata akiwa hodari namna gani. Anayetaka kuufuata mtaala huu sharti kwanza apate shule itakayokubali kumsajili mwanawe na kumtathmini kila mwaka.

Mitaala ya Uingereza

Mitaala ya Cambridge na Pearson Edexcel hupendwa na familia nyingi kwa sababu moja kubwa: mtihani wake unaweza kufanywa na mtahiniwa wa kibinafsi, yaani mtu asiyesoma katika shule inayotumika kama kituo.

Safari yake ina ngazi mbili. Ya kwanza ni IGCSE, ambayo wengi huifanya wakiwa na umri wa miaka 16. Ya pili ni A-Level, ambayo huchukua takriban miaka miwili zaidi. Alama za IGCSE za Cambridge huanzia A* hadi G, ilhali Pearson hutumia nambari kutoka 9 hadi 1.

Mzazi asije akaamini kuwa IGCSE pekee inatosha. Katika vyuo vikuu vya Kenya, anayetaka kusomea shahada kwa vyeti vya Uingereza hutarajiwa kuwa amefaulu masomo yasiyopungua mawili makuu ya A-Level. IGCSE humwezesha kuendelea na A-Level au kutafuta nafasi ya kozi za ngazi ya chini ya shahada.

Jambo jingine linalosahaulika ni mazoezi ya maabara. Katika IGCSE ya Cambridge, mwanafunzi wa Fizikia, Kemia au Biolojia anaweza kuchagua karatasi ya maandishi badala ya mtihani wa vitendo. Mwanafunzi wa nyumbani hapati tatizo hapo.

Lakini katika A-Level ya Cambridge, masomo hayo matatu yana karatasi ya vitendo ambayo ni lazima ifanyiwe maabarani. Si kila kituo hukubali kumwingiza mtahiniwa wa nje katika maabara yake. Kwa upande mwingine, A-Level ya kimataifa ya Pearson hupima ujuzi wa maabara kwa karatasi za maandishi.

Tofauti hiyo ndogo inaweza kuamua mustakabali wa kijana. Hata hivyo, haina maana kwamba anayefuata Pearson asiguse mirija na darubini. Chuo kitamtarajia azijue.

Kadhalika, yapo masomo ambayo sehemu ya alama zake hutokana na kazi inayosimamiwa na kusahihishwa na mwalimu wa kituo. Haya humwia vigumu mtahiniwa wa kibinafsi. Mzazi asome silabasi ya kila somo kabla ya kulichagua. Kwa wanaohofia mtoto kuisahau lugha ya taifa, Kiswahili kimo katika orodha ya masomo ya IGCSE ya Cambridge.

Mitaala ya Marekani

Marekani haina mtihani mmoja wa taifa wa kumaliza shule ya upili. Mwanafunzi hukusanya alama za masomo kwa miaka minne, kisha shule au taasisi inayomsimamia humpa cheti pamoja na orodha ya masomo na alama alizopata.

Miongoni mwa mitaala ya aina hii inayojulikana nchini ni ule wa Kikristo wa ACE, ulioanzishwa Texas mwaka 1970. Mwanafunzi hupitia vijitabu 12 vya kila somo kwa mwaka, na hupaswa kupata angalau asilimia 80 katika mtihani wa kijitabu kimoja kabla ya kuanza kingine. Anayesoma masomo sita hupitia vijitabu 72 kwa mwaka.

Ubora wa mpango kama huo ni kwamba mwanafunzi huenda kwa kasi yake mwenyewe, na mzazi asiye mwalimu anaweza kumsimamia. Upungufu wake ni kwamba uzito wa cheti hutegemea jina la anayekitoa. Mzazi aulize ni nani ameitambua taasisi hiyo rasmi, kisha aulize chuo anachokilenga mtoto iwapo kinakikubali cheti hicho.

Wanafunzi wengi wa njia hii huongeza mtihani wa SAT ili kuwa na alama ambazo vyuo vinazifahamu. Tangu mwezi Machi 2023 mtihani huo hufanywa kwa kompyuta nje ya Marekani, na alama zake huanzia 400 hadi 1600.

Ikiwa nia ya kijana ni kusomea Marekani, mpango huu una mantiki. Iwapo nia yake ni chuo cha umma humu nchini, mzazi atafute jibu la chuo hicho kwa maandishi kabla ya kulipa hata shilingi moja. Vyeti vya kigeni vya sekondari huhitaji kulinganishwa na vya Kenya, na KNEC hutoa huduma hiyo.

Vilevile ikumbukwe kuwa nafasi za vyuo vikuu zinazogawanywa na shirika la KUCCPS zimekuwa zikitegemea matokeo ya KCSE. Familia inayochagua cheti cha kigeni ijiandae kutuma maombi chuoni moja kwa moja na kujipangia namna ya kulipa karo.

Mfano wa kurudi nyuma

Chukua mfano wa binti wa miaka 14 anayetaka kuwa daktari. Wazazi wake wanaanza kwa kusoma masharti ya kitivo cha utabibu, na wanagundua kwamba Biolojia na Kemia ndizo nguzo. Basi masomo hayo mawili lazima yawemo katika A-Level yake, pamoja na Hisabati au Fizikia.

Wanarudi nyuma hatua moja. Ili aweze kuyamudu masomo hayo akiwa na miaka 16 hadi 18, anahitaji kufanya IGCSE ya Biolojia, Kemia, Fizikia, Hisabati na Kiingereza.

Wanarudi nyuma tena. Je, katika kaunti yao kipo kituo kinachokubali watahiniwa wa kibinafsi wa A-Level ya Cambridge na kitakachowafungulia maabara? Kama hakipo, wanachagua Pearson, au wanapanga binti aingie shule ya kawaida baada ya IGCSE.

Sasa ndipo wanaponunua vitabu, tena vya silabasi ya mwaka ule hasa atakaofanyia mtihani. Wangalianza na vitabu, huenda wangaliijua habari ya maabara binti akiwa na miaka 17, wakati wa kugeuza njia umekwisha.

Mwanafunzi na mfuko

Mtaala mzuri kwa jirani unaweza kumshinda mwanao. Kijana anayeweza kusoma peke yake kwa saa mbili atafaidi vijitabu vya kujisomea. Yule anayehitaji kuelezwa na kuulizwa maswali atahitaji mwalimu, au darasa la moja kwa moja kwenye intaneti.

Katika umri huu kijana hana budi kushirikishwa katika uamuzi. Mtaala aliolazimishwa ataufanya kwa kuburuta miguu. Ni vyema pia kumpa jaribio la Hisabati na Kiingereza ili kujua kiwango chake halisi, kisha kumjaribu na mtaala kwa muhula mmoja kabla ya kununua vifaa vya mwaka mzima.

Kuhusu gharama, mzazi asihesabu vitabu tu. Aorodheshe ada ya mtihani kwa kila somo, ada ya kituo, maabara, walimu wa ziada, intaneti, na nauli ya kwenda kwenye kituo. Ada za mitihani ya kigeni hupanda shilingi inapodhoofika.

Maswali kabla ya kulipa

Mzazi asitoe pesa zake kabla ya kupata majibu ya maswali haya:

1. Mtoto akimaliza atapewa cheti gani, na nani atakitoa?

2. Je, chuo anachokilenga kinakitambua cheti hicho? Jibu liwe kwa maandishi.

3. Atafanyia mtihani wapi, na usajili hufungwa lini? Usajili wa mitihani ya Mei na Juni hufungwa miezi kadhaa kabla.

4. Ni masomo gani yenye mtihani wa vitendo au kazi ya kusahihishwa na mwalimu wa kituo?

5. Ni taasisi gani iliyosajiliwa itakayomtambua kuwa mwanafunzi wake?

6. Akilazimika kurudi shuleni, ataingia darasa gani bila kupoteza mwaka?

Pamoja na hayo, mzazi ahifadhi cheti cha kuzaliwa, matokeo ya tathmini za awali, kazi za mtoto na alama za kila muhula. Shule au chuo kikitaka kujua alichosoma, karatasi hizo ndizo zitakazomzungumzia.

Wahenga walinena kuwa majuto ni mjukuu. Katika elimu ya nyumbani, mjukuu huyo huja mtoto akiwa na miaka 17, mkononi ana elimu lakini hana cheti cha kuithibitisha. Mzazi anayeuliza mapema, mwanawe akiwa na miaka 13, bado ana muda wa kubadilisha njia.